Nilivyokwenda Bugarama Kumsemea Leokadia

Safari hii niliianza kwa kubembelezwa. Kaka yangu Deo alinipigia simu kutoka kwetu Bugarama, wilayani Ngara, akaniambia kuwa binti yake Leokadia anaposwa Jumamosi, na kwamba mimi shangazi yake ndiye nitakayesema kwa niaba ya ukoo. Kwetu kazi hiyo mara nyingi hushikwa na mwanamume.

"Wanaume wa kusema tunao," alisema kaka, "ila hakuna anayetuchekesha kama wewe. Nakuomba tu, yule mwalimu umwache Biharamulo."

Nilimwelewa. Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika sekondari moja hapa Biharamulo. Nikikohoa tu nje, darasa linanyamaza. Miaka tisa sijacheka mbele ya mwanafunzi, kwa kuwa niliapa sitaambiwa nimepewa kazi hii nikaishindwa kwa upole. Nikienda likizo ndipo hutoka yule mwingine, anayeiga mwendo wa kila mtu mpaka shangazi zangu wanashika mbavu. Hao wawili nilihakikisha hawakutani.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi. Tulipita Lusahunga, kisha Nyakahura, nami nikawa najaribisha utani wangu kimoyomoyo na kujichekea dirishani, hata jirani yangu akausogeza mfuko wake upande wa pili. Benaco nilishuka, nikala ndizi na maharage huku nikitazama malori yanayokwenda Rusumo. Kutoka hapo nilipata gari dogo hadi Ngara mjini, na pikipiki ikanimalizia vilima vilivyobaki. Mvua ilikuwa imenyesha na migomba ilikuwa inang'aa. Nilijisikia vizuri sana.

Jioni, tukimenya ndizi uani, Leokadia alinisogelea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea na posa ni kesho?"

"Nampenda, shangazi. Ila nimebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Naogopa nikishaolewa nitaambiwa chuo basi. Baba hawezi kuwauliza, anaona aibu. Utaniulizia?"

Nilimwambia nitauliza. Sikujua bado ni yupi kati ya wale wawili walio ndani yangu atakayeuliza.

Jumamosi saa nne wageni waliingia, wakakaa kwenye viti vya kukodi, mtungi wa pombe ya ndizi katikati na mirija yake. Kwetu mwenyeji hamkubalii mgeni wa posa kirahisi. Humdhihaki kwanza, hukana kwamba ana binti, humuuliza kama amepotea njia. Mgeni naye hujibu kwa utani, na kadiri anavyodhihakiwa ndivyo anavyojua kuwa anapendwa. Wasiotakiwa ndio hupokewa kwa adabu tupu.

Nilisimama, nikafungua kinywa, nikamwona msemaji wa wageni. Alikuwa mkuu wangu wa shule! Alhamisi alituambia ofisini kuwa ana shughuli ya ukoo, nami nikasema nina yangu, hakuna aliyemuuliza mwenzake ni ipi. Kumbe bwana harusi ni mtoto wa dada yake.

Utani wote niliouandaa ukayeyuka, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Ndugu wageni, tunawashukuru kwa kufika kwa wakati. Tunajua mmekuja kumposa Leokadia. Tafadhali elezeni haja yenu kwa ufupi."

Bibi mmoja wa upande wao aliuachia mrija. Mkuu akaangalia wazee wake, kisha akasema kwa upole, "Basi tumesikia. Tusiwachoshe wenyeji." Wakaanza kuinuka.

"Unawafukuza!" kaka alininong'oneza kwa uchungu. Mlangoni nilimwona Leokadia ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Hapo nikasahau aibu.

"Kaeni chini!" nilifoka. "Nani amewaruhusu kusimama?"

Wote wakakaa, mkuu akiwa wa kwanza. Nikamkazia macho. "Na wewe mrefu hapo mbele, umekuja kuiba ndizi zetu, au umepotea njia ya shule?"

Bibi yule ndiye aliyeanza kucheka, kisha uwanja mzima. "Nimepotea, mwalimu," alijibu mkuu, akiwa amefunga mikono kama wa kidato cha kwanza. "Nimesikia hapa kuna ua."

"Hapa hakuna ua, kuna mvivu anayelala mpaka jua linachoka. Mtamweza?"

Nilimwiga hata yeye mwenyewe anavyopandisha suruali kabla ya kuhutubia, na alicheka mpaka akatoa leso. Walipolegea kabisa, nikauliza kwa sauti yangu ya ofisini: "Sasa swali la lazima. Huyu atamaliza chuo chake?"

Mkuu aliacha kucheka. Aliinama kwa wazee wake, wakateta kitambo, kisha akasimama. "Atamaliza. Harusi itakuwa baada ya mtihani wake wa mwisho. Nimesema mbele ya watu wote." Kutoka mlangoni nikasikia kigelegele kimoja, na kilikuwa cha binti mwenyewe.

Jumapili baada ya misa, tuliokuwa tukirudi Biharamulo tulipakiwa katika gari la mkuu. Tulipofika Nyakahura alinigeukia.

"Mwalimu," akasema, "miaka tisa ofisi zetu zinatazamana. Kumbe ulikuwa unatunyima."

Nilicheka, lakini neno hilo lilinichoma. Nilikuwa nimedhani mmoja ni wa kazi na mwingine wa nyumbani, na kwamba nisipomficha wa nyumbani, wa kazi atadharauliwa. Lakini bila ukali wageni wangeondoka, na bila mzaha wasingejibu. Wote ni mimi.

Jumatatu asubuhi wanafunzi wawili walichelewa, nikawapa fagio wafagie uwanja wa paredi. Mmoja alifagia kwa madaha, nikamwiga kiuno. Alicheka, kisha akaniangalia kwa hofu.

"Cheka," nikamwambia, "lakini ufagio usisimame."