Chupi Iliyozikwa Bustanini

Mtaani walimwita Daktari wa Matope, na si kwa heshima. Mtu ana shahada mbili, ndevu zimekomaa, halafu kutwa amechutama nyuma ya nyumba ya mama yake akinusa udongo. Wewe ungemwita nani? Kazi ya kudumu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kompyuta yenye kioo kilichopasuka, chumba chake cha tangu utotoni, na wenzake wa ikolojia waliotawanyika duniani, watafiti wachanga kama yeye, waliokutana mtandaoni kila Jumatano na hawajawahi kupeana mkono.

Kundi hilo lilitaka kujua ni udongo wa wapi wenye vijidudu wenye njaa zaidi. Maabara ya maana hakuwa nayo hata mmoja, basi wakakubaliana njia ya watu wasio na kitu: kila mmoja azike kwao chupi mpya ya pamba, nyeupe, saizi moja, aiache miezi miwili, kisha wafukue mbele ya kamera. Iliyoliwa zaidi ndiyo ya udongo ulio hai zaidi. Msicheke, ni sayansi. Na kwa Daktari wetu haukuwa mchezo. Mwenye sampuli angeandikwa kwenye makala, na ingekuwa mara ya kwanza jina lake kuchapishwa popote ukiacha daftari la wapiga kura. Asiye na sampuli, kwaheri.

Kosa lake ni kwamba hakumwambia mama. Mama ni fundi cherehani, mtu wa kuuliza mpaka usahau ulichokuwa unasema, na Daktari aliona haya kueleza kwamba masomo yote yale yaliyolipiwa kwa sindano yameishia kuzika chupi. Akangoja mama atoke kununua uzi, akaizika pembeni ya miche ya nyanya.

Baada ya kama mwezi hivi, mama akaanza mambo. Anamtazama mwanawe kwa huruma, anamhimiza anywe maji. Asubuhi moja Daktari akakuta chini ya mto pakiti nzima ya chupi mpya. Mama alipoulizwa akasema zilikuwa bei nzuri tu, akageukia cherehani yake. Daktari alidhani anaonewa huruma kwa kukosa kazi. Ilimuuma, lakini chupi akazivaa.

Siku ya kufukua ikafika. Akaiweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, wenzake wakachungulia kila mmoja kutoka kwenye kisanduku chake: Mratibu wa kundi, ambaye ni dada wa miwani anayeishi kwenye baridi kali, bwana wa jangwani, na binti wa kisiwani, mwenye paka asiyebanduka kwenye kamera. Hao walishafukua, matambara yao wanayo. Zamu ikawa yake. Akachimba, akavuta.

Ulitoka mfuko wa plastiki, umefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na chupi safi kabisa, imetiwa viraka kwa mshono mdogo mdogo wa kupendeza, na mstari wa pasi bado unaonekana.

Ni paka tu aliyeendelea na shughuli zake. Mratibu akauliza taratibu ni nani aliyegusa sampuli. Kisha akasema, naye kwa masikitiko, kwamba kitu kilichoshonwa hakiwezi kuingia kwenye utafiti, na jina itabidi litoke. Mtu mzima na ndevu zake akasimama kwenye nyanya, chupi mkononi, akalia.

Mama akatoka, futi ya kupimia shingoni. Alipoona alichoshika mwanawe, naye macho yakamlowa.

"Nilijua tu ipo siku utairudia," akasema. "Mwanangu, si ungeniambia? Tumbo likimzidi mtu si aibu. Unanificha mimi niliyekuogesha?"

Jamani! Muda wote huo mama aliamini kwamba mwanawe, msomi, anajichafulia na kuzika ushahidi. Aliikuta akipalilia, imetobokatoboka, akaifua, akaitia viraka, akaipiga pasi, akairudisha palepale kimya kimya, ili mwenyewe aikute siku akikwama na asijue kuna mtu anajua. Daktari akamweleza yote, vijidudu, makala, kila kitu. Mama alisikiliza kwa subira ya mtu anayeona anadanganywa.

Ikabidi awaombe wenzake msaada. Mmoja mmoja, wasomi wale, wakanyanyua chupi zao mbele ya kamera: ya Mratibu imetoboka kidogo, ya jangwani imeliwa upande, ya kisiwani imebaki lastiki.

Mama akavaa miwani, akazitazama sana.

"Wote hawa?"

"Wote, mama."

"Poleni, wanangu," akaiambia kompyuta.

Hapo ndipo Daktari alipomuuliza kama alikata kitambaa kabla ya kutia viraka. Hakukata, alishonea juu ya matundu, basi. Akaleta mkasi, akafumua kazi yake kiraka kwa kiraka, roho inamuuma, na matundu yakajitokeza kama alivyoyakuta. Mratibu akateta na wenzake, akakubali: sampuli ya mwezi mmoja nayo ni sampuli, ilimradi chini ya jedwali iandikwe kwamba ilifuliwa na kushonwa na mama wa mtafiti. Jina likabaki. Daktari alitamani kuruka, ila aliogopa kukanyaga nyanya.

Mama hayo hayakumhusu. Alikuwa bado anaiwaza ile lastiki ya kisiwani.

"Hebu waulize," akasema, "mama zao wako wapi?"

Daktari akatafsiri. Binti wa kisiwani akamvuta paka wake kifuani. Mratibu akavua miwani, akaifuta, akasema wake yuko mbali, na kwa kweli hakumbuki mara ya mwisho kumpigia ilikuwa lini. Kikao kilikuwa na mengine ya kujadili, lakini ghafla kila mmoja akawa na simu ya kupiga, na visanduku vikazimika kimoja baada ya kingine.

Wakabaki wawili bustanini. Mama akavikusanya viraka vyake, akavitia mfukoni mwa gauni.

"Na hiyo uliyovaa?"

"Nzima, mama."

Hakumwamini hata kidogo.