Nukta Mbili Karibu na Kitovu

Kiwandani tulimwita Mama Waya, ingawa waya wenyewe hakuwahi kuushika. Alikagua vitambaa kwa kompyuta, na programu yake hakuiandika, aliichora: kisanduku cha kusoma picha, waya, kisanduku cha hesabu ya Fourier ya pande mbili, waya tena, kisanduku cha kuonyesha jibu. Picha ya kitambaa ikiingia huku, kule zinatoka nukta nyeupe kwenye giza, na kila nukta ni kitu kinachojirudia katika ufumaji. Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa tu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Wateja waliporudisha majora, meneja alisema mtambo wenye kasoro utauzwa chuma chakavu na mfumaji wake aende nyumbani. Ulioshukiwa ulikuwa wa mjomba wake Mama Waya, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mzee akaja kusimama nyuma ya kiti cha mpwa wake.

Picha ikatokea na msalaba mkubwa wa mwanga.

“Ndiyo kasoro hiyo?” mjomba akauliza.

“Hapana, Mjomba. Hiyo ni haraka yangu. Nimesahau kufifisha kingo za picha, sasa kompyuta inadhani kitambaa kimekatika pale picha inapoishia.”

Mzee alifurahi waziwazi, maskini. Mama Waya akaongeza kisanduku cha kufifisha kingo, akaunganisha waya, akaendesha upya. Msalaba ukatoweka. Pale ulipokuwa zikabaki nukta mbili, moja juu na moja chini ya kitovu, zisizopaswa kuwapo. Maana yake gia ya mtambo imelika, na kila baada ya upana wa vidole vinne nyuzi zinabanana.

Kisanduku cha kufuta nukta alikuwa nacho. Damu ni nzito kuliko maji, na hakuna kati yetu ambaye angegundua. Mkono wake ulikwenda kwenye kipanya ukakaa hapo.

Mjomba aliziona nukta, akachukua kitambaa, akafumba macho, akapitisha vidole kama alivyofanya maisha yake yote. Alizoea kujisifu kwamba uzi ukikosea, yeye anausikia kabla ya mashine.

“Mbona sisikii kitu? Ni wapi?”

Mama Waya akamshika kidole, akakiweka juu ya mstari wa nyuzi zilizobanana.

“Hapo, Mjomba.”

Mzee akabonyeza, akapapasa, akabonyeza tena.

“Kumbe vidole vimeshaniacha,” akasema. “Mpelekee meneja picha hiyo, mwanangu.”