Zege la Baba Mkwe
Baba mkwe wangu alikuwa fundi mwashi hadi magoti yalipomstaafisha. Kazi aliyojivunia kuliko zote ni handaki fupi karibu na Kaoze, linalopitisha maji ya chemchemi chini ya kilima hadi kijijini. Kuta zake zilipoanza kumeguka, watu walisema waziwazi kwamba alikula saruji. Mimi napima ubora wa zege mjini Sumbawanga, na ofisi ikanituma mimi, mkamwana wake, nikakague.

Nilimkuta mlangoni mwa handaki amevaa suti ya kanisani na mabuti ya mvua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Andika ni ng'ombe," akasema kabla sijafungua daftari. "Wanalamba kuta mchana kutwa. Zege gani litastahimili ulimi wa ng'ombe?"

Kweli alikuwepo mmoja, analamba unga mweupe ukutani kwa raha zake. Tulimsukuma, akagoma, tukapita kwa kujibana. Ndani nikachomeka kalamu ukutani, ikazama kama kwenye ugali. Baba mkwe aligeukia pembeni kama mtu aliyemwona mwanawe amelewa hadharani.

Nilichukua vipande nikavipima. Majibu yalipotoka nikarudi kumweleza: maji yanayovuja ardhini pale yana chumvi za salfeti. Zinapenya kwenye zege, zinaungana na saruji, zinavimba na kulipasua kutoka ndani. Ule unga mweupe ni chumvi zenyewe. Ilihitajika saruji ya aina nyingine, na hakuna aliyemletea.

"Kwa hiyo sikula?"

"Hukula, baba. Yaliyokula ni maji."

Alijifuta macho kwa tai. Jumapili, misa ilipokwisha, akasimama nje ya kanisa akatangaza: "Nimesafishwa! Maji yetu yanakula zege!"

Jumatatu hakuna aliyeteka maji. Nikaitwa tena.

"Kama yanakula zege," mama mmoja akaniuliza, "matumbo yetu je?"

Nilieleza kwamba maji yameshapimwa na hayadhuru mtu, hadi sauti ikakauka. Mwishowe nikanywa kikombe kizima mbele yao, nao wakanikodolea macho wakisubiri nipasuke. Baba mkwe akanipokonya kikombe, akanywa viwili mfululizo.

Kuta zilijengwa upya msimu wa kiangazi. Yeye alikaa kwenye kigoda kando ya mafundi, miwani puani, akisoma maandishi ya kila mfuko wa saruji kabla hajaruhusu ufunguliwe.