Kazi ya Wangeci Hairudi

Asubuhi hiyo Wangeci aliingia karakana ya Kirinyaga Road akiwa ameshakasirika, na hata saa mbili haijafika. Simu ya Amrit, mwenye karakana, ilikuwa imempata nyumbani mtaani Satellite, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Kuna kazi imerudi, Amrit alimwambia, na ni yako.

Asiyejua karakana ile ataona ni jambo dogo. Thubutu! Kwa Amrit, kazi ikirudi haifichwi nyuma ya pipa la oili. Inawekwa kwenye meza kubwa ya chuma pale katikati, kila fundi anazima mashine yake, na aliyeifanya anaifungua mbele ya macho ya wote. Babake Amrit ndiye aliyeanzisha mtindo huo, na Amrit mwenyewe, mzee wa kilemba na sauti ya chini, hajaona sababu ya kuubadilisha. Kwa miaka ishirini na miwili Wangeci, Mama Jackie kwa wenzake, amesimama kwenye mashine yake ya kuchonga vyuma akitazama wanaume wakifungua aibu zao pale mezani. Yeye hajawahi kufungua hata moja. "Kazi ya Wangeci hairudi," ndivyo alivyokuwa akisema, na alisema mara nyingi kuliko wenzake walivyotaka kusikia.

Iliyorudi ilikuwa mota ya boti ya mzee Zachariah wa Kinoo. Mzee huyu ni karani mstaafu mwenye bwawa la samaki shambani kwake. Kila Jumapili huzungusha familia za watu majini kwa boti ndogo inayosukumwa na mota ya betri. Kilichomsumbua ni magugu. Yalikuwa yakijisokota kwenye propela mpaka mota inanguruma bila kwenda, na kuyatoa lazima afungue nati kwa spana, huku ameinama nje ya boti. Spana tatu zimelala chini ya bwawa hilo mpaka leo.

Wangeci alimfanyia kazi safi. Aliondoa propela ya zamani akaweka nyingine ya mapanga mawili mapana, inayoyasukuma magugu kando badala ya kuyakumbatia. Kisha akachonga nati ya alumini yenye masikio mawili makubwa, ya kufunguliwa kwa vidole tu, spana ya nini. Amrit aliizungusha ile nati mkononi akatabasamu, na Amrit si mtu wa kutabasamu ovyo. Ilibaki pini, kile kijiti kinachopita kwenye tundu la shafti, ule mhimili wa mota, ili propela ishike. Ya kiwandani ilikuwa ya shaba laini. Wangeci aliibana kwa koleo, ikapinda, akapandwa na hasira hapo hapo. Aliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu pamoja na pakiti nzima ya akiba aliyoleta mzee, akachonga nyingine kutoka kwenye chuma kigumu cha vali ya injini ya lori. Kiilu, fundi wa meza ya pili, alianza kusema neno. Wangeci akamkata kauli mbele ya watu, akamwambia akamalize pampu zake. Watu wakacheka. Kiilu akarudi kwenye pampu zake, na kesho yake akatumwa Kinoo kuifunga mota kwenye boti.

Sasa unaelewa kwa nini, tangu Satellite mpaka mjini, Wangeci alikuwa na jina moja tu kichwani. Nani aliifunga? Kiilu. Nani hupenda kufanya mambo polepole kama anayelisha mgonjwa? Kiilu. Kufikia mlangoni alikuwa ameshamhukumu, na hakungoja hata kuvua koti.

Alimwambia Amrit kwamba kazi za boti ni yeye aliyezileta pale, wakati kila mtu alikuwa akizikimbia, na hatakubali zichafuliwe na mtu asiyejua kukaza nati.

"Tukifungua tukute kosa ni la Kiilu," alisema, "asiguse boti tena hapa."

Amrit aliuliza, "Na likiwa lako?"

"Likiwa langu, zote mpe yeye."

Mashine zikazimwa. Mzee Zachariah alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kofia magotini, akiona haya kama kwamba ni yeye aliyekosa. Aliwasimulia taratibu. Jumapili alikuwa na familia ya kutoka Mountain View, mama na watoto wanne. Propela ikagonga kisiki, mota ikaguna mara moja, moshi ukatoka. Alipiga kasia kwa kifuniko cha sufuria mpaka ukingoni, watoto wakilia njia nzima.

"Kisiki!" Wangeci aliruka. "Mzee, unagonga kisiki halafu unasema kazi yangu ni mbaya?"

"Mama, hicho kisiki kiko hapo tangu enzi za baba yangu," mzee alisema kwa upole. "Ile propela ya zamani ilikuwa inakigonga kila mwezi. Pini inakatika, naweka nyingine, naendelea."

Wangeci alimsikia, lakini hasira haikumpa nafasi ya kuelewa. Alishika nati kwa vidole viwili. Ilifunguka kwa ulaini, jinsi alivyoitengeneza ifunguke, na akamtupia Kiilu jicho la ushindi. Lakini jicho hilo lilimponyoka njiani, maana kama nati ilikuwa imekazwa sawasawa, Kiilu alikuwa amekosea wapi? Akavuta propela. Nzima. Akasukuma pini kwa msumari, ikadondoka mezani ikilia.

Ilikuwa inang'aa. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alifungua kichwa cha mota, maji ya kahawia yakamwagika mezani. Raba ya kuzuia maji ilikuwa imechanika, na waya za ndani zimeungua, nyeusi ti. Alipeleka shafti kwenye mashine yake, akaizungusha polepole kwa mkono. Ncha yake ilikuwa ikiyumba. Imepinda.

Hapo maneno ya mzee yakamrudia. Pini inakatika, naweka nyingine, naendelea. Kisiki kilipogonga, kitu fulani kilipaswa kukubali kuvunjika, na hicho kitu kilipaswa kuwa kile kijiti cha shaba. Yeye alikinyima kazi yake. Kwa hiyo kishindo kikapita kwenye pini yake ngumu, kikaenda kuvunja mota nzima. Hasira ilimpanda upya, na safari hii haikuwa na mtu wa kuangukia. Alitamani sana Kiilu acheke, angalau apate wa kumtukana. Kiilu hakucheka.

"Ni pini yangu," Wangeci alisema kwa nguvu, hata waliosimama mlangoni wakasikia. "Mzee Zachariah, nisamehe. Shafti nitachonga mpya na waya nitasuka mimi mwenyewe. Amrit, boti ni za Kiilu."

Amrit alitikisa kichwa kukubali. Hakumwonea huruma mbele ya watu, na kwa hilo Wangeci alimshukuru moyoni.

Kiilu akavuta droo yake. Alitoa pakiti ndogo ya plastiki, chafu ya grisi, akaiweka mezani. Ndani yake zilikuwa pini za shaba, zote, pamoja na ile iliyopinda.

Wangeci aliitazama mpaka macho yakamwasha. "Ulizitoa kwenye pipa?"

"Siku ile ile."

"Na ukaenda Kinoo ukaniachia ile yangu! Mbona hukuweka hizi?"

"Kazi ilikuwa yako, Mama Jackie. Nilitaka kukuambia."

Aliinua mkono kumjibu, na jibu alikuwa nalo, refu na kali. Kisha akakumbuka kicheko cha watu siku ile, na kwamba aliyekianzisha ni yeye. Mkono ukashuka.

"Basi niambie sasa," alisema, sauti bado ina makali, akavuta kiti.