Mvua ya Mawe Ilipomleta Maria Kwetu

Mwezi wa kumi uliopita nilikuwa nyumbani, karibu na Merigi, nikichemsha chai jikoni, niliposikia wimbo ukipanda njia ya shambani. Rafiki yangu, nilifurahi nusura nimwage maziwa! Walikuwa Wakatoliki wa jumuiya, wakiipeleka sanamu ya Maria nyumba hadi nyumba kwa rozari ya jioni, vilevile kama nilipokuwa mtoto.

Zamani wimbo ule uliishia upande wa pili wa ua uliotutenga na jirani. Nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti, na sanamu hakutaka hata kuiona. Jirani yetu Mkatoliki alisali rozari akichuma chai, shanga shingoni, kikapu mgongoni. Nami kwenye mstari wetu wa chai nilijifanya sisikii, kumbe Salamu Maria yote nilikuwa nayo kichwani.

Jioni moja mvua ya mawe ikawakuta Wakatoliki wakipita mlangoni petu. Ya kwetu unaijua: hupasua majani ya chai, na mabati hulia mpaka hamsikizani. Watu waliingia mbio, lakini jirani akabaki nje, amemkumbatia Maria ndani ya leso, mawe yakimpiga kichwani.

"Kogo, na huyu je? Ama nikae na yeye hapa nje?" jirani akamuuliza nyanya.

Nilishika kiti kwa nguvu, nikiomba nyanya asikatae.

"Elisabeti alimfungulia Maria mlango," akasema. "Mimi ni nani nimuache kwa mvua? Mlete ndani."

Akaondoa thamosi ya chai mezani, akamweka Maria kando ya Biblia yake. Waliposali Salamu Maria, nyanya alifungua Luka, akafuata kwa kidole, kisha akaruka kitini.

"Kumbe ni maneno ya malaika! Hii iko kwa Biblia yangu!"

Tulicheka, tukanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, tukaimba kuyashinda mabati. Nyanya hakuhama kanisa, wala mimi sijahama, lakini kila Oktoba alimuuliza jirani, "Maria amefika kwa nani leo?"

Sasa nyanya hayupo, jirani hayupo, na ua wenyewe uling'olewa. Nawakosa wote wawili, tena sana.

Basi wimbo ulipokaribia, niliepua sufuria nikakimbia mlangoni. Nje kulikuwa na jua kali, hakuna hata tone la mvua. Nikawaambia waingie na Maria.