Usingizi wa Mama Aida

Mwaka ule misheni ya Mbozi ilipofungua wodi mpya, Ketrina, Mama Osea, alishikwa na wivu wa ajabu. Hakuonea wivu khanga wala ng'ombe. Aliuonea wivu usingizi wa mwenzake.

Yeye na Fides, Mama Aida, waliangalia wagonjwa zamu ya usiku, wakatoka pamoja asubuhi. Jioni Fides alirudi kazini macho maangavu, anatembea kama anakwenda harusini. Ketrina macho yamevimba kama ametoka matangani. Mara mbili sista msimamizi wa wodi alimkuta amesinzia kando ya mgonjwa.

"Nikikukuta tena, wodini unatoka. Utafua mashuka."

Lakini nyumbani angelalaje? Pale kijijini mlango ukifungwa mchana, kuna mgonjwa au msiba.

"Hodi! Mama Osea, kuna nini humo?"

"Nimelala tu, mama."

"Na jua lote hili? Basi una homa. Ngoja nikuletee uji."

Akiuacha mlango wazi, ndiyo kabisa: wanaingia, wanakaa.

Huyu Fides anameza nini? Ameiba vidonge? Asubuhi moja Ketrina akamfuata kwa kujificha kwenye mibuni. Fides akaacha mlango wake wazi, akazunguka nyuma, akapanda kihenge kitupu cha ulezi, akainua paa la nyasi, akatumbukia kama panya.

Jirani akaja, akapiga hodi, akachungulia. "Kumbe yuko shamba," akasema, akaenda zake.

Ketrina akaziba mdomo asicheke. Siku hiyohiyo akatumbukia kwenye kihenge cha mama mkwe wake, akalala mpaka jua linazama. Sista akamkuta wodini yuko macho, akapita bila neno.

Mavuno yakaja. Kihenge cha Fides kikajaa mpaka juu. Shamba la kina Ketrina lilivamiwa na ndege. Ulezi haukufika hata nusu ya kihenge, akatandika mkeka juu yake, akaendelea kulala. Siku moja akashtushwa na vidole vinakwaruza fito.

"Hodi, Mama Osea. Najua umo. Jana sista kanikuta nasinzia mimi!"

Ketrina akajinyoosha kwanza juu ya mkeka, aonje utamu wa maneno hayo.

"Mwenzangu una bahati," Fides akalalamika, "ndege wamekula shamba lako!"

"Haya, ingia. Ila usinibane."

Fides akaingia, akalala hata miguu hajanyoosha. Akaanza kukoroma.

Ketrina, ambaye usingizi wake ulishakatwa, akabaki anamtazama.