Bati na Kaseti Iliyonasa

Pale gereji tulimwita Bati, maana ukimgusa kidogo tu, kelele zake mtaa mzima unasikia. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mwanamke mwenye mabega ya kubebea injini. Mimi nilikuwa mpaka rangi: yeye ananyoosha, mimi napendezesha. Mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha alikuwa kaka yake, Bosi, aliyerithi kwa baba yao gereji pamoja na mkono mwepesi. Alimpiga dada yake kwa sababu ya boliti iliyopotea, kwa chai iliyopoa, hata kwa mvua kunyesha. Nilimchukia, na bado namchukia.

Siku moja likavutwa gari lililokutana na lori uso kwa uso. Pua yake ilikuwa imeingia hadi karibu na viti, na kiti cha dereva kilikuwa na damu iliyokauka ikawa nyeusi kama grisi. Lilikuwa la kukatwa tu, liuzwe chuma chakavu. Bati akaunganisha betri ili aone kama taa za nyuma zinafaa kutolewa. Ghafla redio ikanguruma.

Kaseti ilikuwa imenasa mle ndani, haitoki wala haizimiki. Magitaa yalikwaruza kama msumeno wa chuma, kisha yakatulia kabisa, mtu akawa ananong'ona kwa lugha tusiyoijua. Halafu wote wakalipuka kwa pamoja, na yule wa kunong'ona akapiga mayowe hadi sauti ikampasuka. Mimi niliziba masikio. Bati aliingia, akakaa juu ya ile damu, akafunga mlango.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Huyu mtu ana hasira kama zangu," akaniambia. "Tofauti ni kwamba yeye hanyamazi."

Mwalimu mmoja aliyeleta gari kupakwa rangi aliwatambua wanamuziki hao palepale. "Hawa? Bendi ya enzi zangu za chuo! Walishaachana zamani. Walianza kwa kuvunja magitaa jukwaani, wakaishia kuvunjana meno."

Bati alicheka hadi akashika mbavu. Kuanzia hapo akapenda, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila mchana wenzake tukila, yeye yuko ndani ya gari bovu anatikisa kichwa. Wimbo aliouhusudu kuliko zote ulikuwa na ngoma inayopiga, ikakatika ukadhani umeisha, kisha ikashuka kwa kishindo wakati umeshapumua. Akaanza kuutembea wimbo huo, akaufagilia uwanja, na hapo ndipo balaa lilipoingia, akaanza kuugongea nyundo.

Kunyoosha mlango ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika chuma kizito nyuma ya bati, mwingine anagonga kwa mbele. Hawaonani wala hawasemezani. Mshikaji anasikiliza tu mwendo wa nyundo, na ikinyamaza anajua ni wakati wa kusogeza chuma. Siku hiyo mshikaji alikuwa Bosi. Bati akagonga, akagonga, akanyamaza. Bosi akasogeza chuma, vidole vyake vikabaki vitupu nyuma ya bati. Kumbe nyundo haikuwa imemaliza, ilikuwa inasubiri ngoma ya wimbo. Ikashuka kwa nguvu zote.

Nilisikia mifupa. Bosi aliruka, akaanguka, akabingirika kwenye oili akimlilia mama yake, vidole vimepondeka vinavuja damu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Umefanya makusudi!"

"Haki ya Mungu, kaka, sikukusudia! Nilipitiwa na wimbo."

Bora angesema alipitiwa na usingizi. Bosi aliinuka, akaokota bomba la chuma kwa mkono wa kushoto, akaelekea kwenye gari bovu. "Leo nawaua hao washenzi wako!"

Bati alimtangulia mbio, akajilaza kifudifudi juu ya dashibodi, akaifunika redio, iliyokuwa bado inapiga, kwa kifua. "Nipe hii tu, kaka. Sijawahi kukuomba kitu." Bomba likatua mgongoni. Likatua tena. Alipogeuka kulizuia likamkuta mdomoni, damu ikarukia kioo. Mwalimu, aliyekuja kuchukua gari lake, alipiga kelele. Bati akatema jino, akaudaka mkono wa kushoto wa kaka yake, akaugandamiza juu ya fremu ya mlango hadi bomba likaanguka. Mkono wake mwingine ulikuwa na nyundo, na nyundo ilikuwa juu.

Kwenye kaseti yule mwimbaji alikuwa ameanza kunong'ona, na Bati naye akanong'ona.

"Kaka, mkono huu ndio uliokubakia. Ukininyanyulia tena, siku hiyo sitakuwa na wimbo wa kusingizia."

Bosi aliitazama nyundo. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nilitaka nyundo ishuke, sifichi, na nilimwogopa Bati kwa mara ya kwanza.

"Niachie, dada," Bosi akasema, kwa sauti ambayo hatukujua anayo. "Niachie. Nimekuelewa."

"Subiri uishe," Bati akamjibu.

Magitaa yakalipuka. Bosi akafumba macho, akasubiri.